Karani asihukumiwe kwa paswedi ya Windows ya zamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika majuma mawili yaliyopita kuhusu fedha zinazopotea katika vikundi vya akiba na mikopo. Yeye anaona dawa ni moja: kompyuta ikichezewa, karani afukuzwe, kwa kuwa paswedi anaijua yeye peke yake.

Mimi ni fundi kompyuta hapa Ngamiani, Tanga. Nilianza mwaka 2002 nikiwa msichana wa kupokea pesa kwenye kafe ya intaneti, nikajifunza kwa kuchungulia mabega ya mafundi, na leo nina kibanda changu, nusu cha kompyuta na nusu cha simu. Hoja hiyo ya paswedi nimewahi kuisikia ikitolewa mbele yangu, na kijana wa watu alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti, haongei.

Ilikuwa mwaka 2009. Kikundi kimoja cha wafanyabiashara, ambacho sitakitaja, kiliniita nikachapishe kile walichokiita ushahidi. Faili la Excel la akiba lilikuwa limebadilishwa. Wanachama watatu akiba zao zimepungua, na mkopo wa mtu wa nne umeandikwa umelipwa wote. Kompyuta ilionyesha faili lilihifadhiwa mara ya mwisho siku ya Jumanne saa nne asubuhi, na Jumanne saa nne asubuhi karani alikuwa mezani kwake, watu wamemwona. Paswedi ya kuingilia ilikuwa yake. Kamati ilikuwa imeshamaliza kesi kabla sijafika, imebaki karatasi tu.

Nikaomba nafasi kabla ya kuchapa. Mwenyekiti, mzee aliyelingana na baba yangu, akaniambia, "Binti, wewe tuambie tu mashine nzima au mbovu." Nikamwambia, "Nzima, mzee, ila naomba mwenye saa mkononi aitazame." Nikazima, nikawasha, nikawa nadonoa kile kitufe cha F8 kama kuku anavyodonoa mtama, mpaka ikaja ile orodha nyeupe kwenye weusi. Nikachagua hali ambayo mafundi tunaiita sefu modi, ambamo Windows inawaka na vitu vya lazima tu. Ilipofika mahali pa kuchagua jina, yalikuwa mawili. Moja la karani. La pili hakuna aliyewahi kuliona pale ofisini: Administrator. Nikalibonyeza. Haikuuliza paswedi. Nikafungua folda la karani, nikafungua faili la akiba, nikahifadhi nakala yake pembeni. Kabla ya kuhifadhi nilirudisha nyuma saa ya kompyuta, na ile nakala ikajitokeza imeandikwa saa na siku niliyoitaka mimi.

"Dakika nne," akasema mweka hazina.

Mwenyekiti akauliza, "Kwa hiyo mwizi ni nani?" Nikajibu kwamba hilo silijui, na kompyuta ile haiwezi kumwambia, kwa sababu yeyote aliyekalia kiti kile dakika nne bila kuonwa anatosha kuwa ndiye. Jibu hilo halikumfurahisha mtu. Polisi hawakuitwa, lakini karani hakurudishwa mezani. Sasa anauza nguo za mitumba Mgandini.

Nieleze kilichotokea, maana wengi wanadhani nilifanya uchawi au nina programu za wahuni. Sikuwa na kitu mkononi. Windows XP ya toleo la Home, iliyotoka Oktoba 2001, ilikuja na akaunti ya msimamizi iliyofichwa. Kwenye ukurasa wa kukaribisha haionekani. Inajitokeza ukiingia kwa sefu modi tu, na paswedi yake ilikuwa tupu mpaka mtu aiweke. Nani aiweke, wakati wenye mashine hawakujua ipo? Na akaunti ya msimamizi ndiyo yenye kila kitu: kufungua mafaili ya wenzake, kubadilisha paswedi zao, kugeuza saa, kufuta kumbukumbu za nani aliingia lini. Hizo kumbukumbu zenyewe XP haikuziandika mpaka ukaiamuru, na karani hakuna aliyemfundisha kuamuru.

Kabla ya XP mambo yalikuwa ya kuchekesha zaidi. Pale kafe tulikuwa na mashine sita za Windows 98. Bosi wangu alikuwa mkali, aliweka paswedi kila mashine na kuzibadilisha kila Jumatatu, amezikunja kwenye kikaratasi mfukoni mwa shati. Kuna watoto wa shule walikuwa wanakuja jioni, mmoja hajafika hata darasa la saba. Siku moja nikamkuta ameshaingia na mimi sijampa kitu. Nikamuuliza amefanyaje. Akabonyeza Esc mbele yangu. Kile kisanduku cha paswedi kikaondoka, Windows ikafunguka. Basi! Ile paswedi haikuwa kwa ajili ya kulinda mafaili. Ilikuwa ya kumtambulisha mtumiaji kwenye mtandao na kukumbuka picha ya nyuma aliyoichagua kila mtu. Diski ya Windows 98 haikuwa na habari ya mwenye faili wala mpangaji. Aliyefika ndiye mwenye nyumba. Bosi aliendelea kubadilisha paswedi kila Jumatatu. Sikumwambia, na yule mtoto alikuwa anapata dakika zake za bure mpaka alipojisahau akacheka kwa sauti.

Watu waliotengeneza kompyuta hawakuwa wajinga, na hili ndilo linaloniudhi. Mwaka 1975 huko Marekani, Saltzer na Schroeder, wataalamu wa chuo kikuu cha MIT, waliandika wazi kwamba kila programu na kila mtumiaji apewe mamlaka madogo kabisa yanayotosha kazi yake. Mashine za Unix, mfumo mwingine wa kompyuta, zilikuwa na msimamizi mkuu, anayeitwa root, pembeni na watumiaji wa kawaida pembeni tangu miaka hiyo ya 70. Hata Microsoft wenyewe walimchukua Dave Cutler kutoka kampuni ya Digital wakajenga Windows NT, iliyotoka 1993, na ndani yake kila faili lina mwenyewe na kila akaunti ina mpaka. XP ni mtoto wa ukoo huo wa NT. Makufuli yote yalikuwamo.

Ila siku ya kuipiga Windows XP, yaani kuiweka kwenye mashine, mwishoni inakuuliza nani watatumia kompyuta hii. Unaandika majina, mpaka matano. Wote watano wanazaliwa wasimamizi, na wote hawana paswedi. Ni kama umejenga nyumba ya vyumba vitano yenye vitasa vizuri, halafu kila mpangaji ukampa funguo za vyumba vyote na za sanduku la mwenye nyumba.

Kwa nini? Kwa sababu ya programu za zamani. Zilizoandikwa kwa Windows 95 na 98 zilizoea kuandika popote, ndani ya folda za mfumo wenyewe. Ukimweka mtu kwenye akaunti ndogo, ile yenye mipaka, programu ya hesabu inakataa kufunguka, printa inagoma, mchezo wa karata hauhifadhi alama. Mteja anarudi kibandani amekasirika. "Dada, umeniharibia mashine." Unampandisha cheo awe msimamizi, kila kitu kinafanya kazi, anakushukuru.

Mhariri, ile Windows ya kikundi kile niliipiga mimi.

Sikusema siku ile. Nilikaa mbele ya kamati nikaonyesha mlango wa nyuma ulivyo wazi, kila mtu akanitazama kama bingwa, na aliyeuacha wazi nilikuwa ni mimi mwenyewe, mwaka 2006, kwa shilingi elfu kumi na soda. Niliandika jina la karani peke yake kwenye ile orodha ya majina matano, nikamwekea paswedi nzuri, nikamwambia asimpe mtu. Akaunti ya Administrator nilijua ipo. Niliiacha tupu makusudi, kwa sababu wateja walikuwa wanasahau paswedi zao kila mwezi na mimi nilikuwa naingilia humo kuwasaidia. Tena diski niliifomati kwa FAT32, mpangilio wa mafaili wa zamani, badala ya NTFS, ule wa ukoo wa NT, kwa sababu hizo hizo: mashine ikifa, mafaili ni rahisi kuyaokoa. Kwenye FAT32 mipaka ya mafaili ya XP inakuwa maneno matupu, haina mahali pa kuandika nani mwenye faili. Kwa maneno mengine nilichukua mashine yenye makufuli nikayang'oa yote, nikamwachia kijana mmoja funguo moja ya maonyesho, na ile funguo ndiyo iliyomfukuzisha kazi.

Na si mimi peke yangu. Ukizunguka Tanga nzima miaka ile, na nadhani Moshi na Morogoro vilevile, mafundi tulikuwa tunafanya hivyo hivyo, kwa CD zile zile za kunakili. Hakuna aliyetuambia ni kosa, lakini pia hatukuuliza.

Mateso ya virusi vya flashi mnayakumbuka. Unachomeka flashi ya mtu steshenari, folda zako zinageuka shotkati, na ukitaka kuona mafaili yaliyofichwa ile sehemu ya mipangilio imetoweka. Ukibonyeza Ctrl, Alt na Delete unaambiwa msimamizi ameizuia. Watu walikuwa wananiuliza kwa hasira, msimamizi gani huyo? Alikuwa ni wewe mwenyewe. Kirusi kinaingia kimevaa koti lako, na kama wewe ni msimamizi basi nacho ni msimamizi, kinajiandika kwenye moyo wa mfumo na kumfungia antivairasi nje. Kwenye akaunti ndogo vingi kati ya vile visingeweza kuvuka mafaili ya mtu mmoja. Conficker ya mwishoni mwa 2008 ilikwenda mbele zaidi: ilikuja na orodha yake ya paswedi za kivivu, 12345, admin, password na nyinginezo, ikawa inazijaribu moja moja kwenye mashine za jirani. Ofisi yenye mashine kumi za paswedi moja ilikuwa chakula chake.

Halafu kuna hizo paswedi zenyewe. Wasomi wanaziita nywila. Tulikuwa tunawaambia wateja waweke ndefu, wachanganye herufi kubwa na ndogo. XP ilikuwa inahifadhi paswedi kwa namna mbili, na moja kati ya hizo ilikuwa ya kizamani mno: inageuza herufi zote kuwa kubwa, halafu inaikata paswedi ya herufi 14 vipande viwili vya saba saba, kama muhogo wa kuchemsha, kila kipande kikafichwa peke yake. Mwenye nia mbaya hatafuni muhogo mzima, anatafuna vipande viwili vidogo. Na mwenye CD ya Linux, mfumo mwingine usio wa Windows, hahitaji hata kutafuna. Anawasha mashine kwa CD yake, anaiona diski yote kama kabati lililofunguliwa. Microsoft waliacha kuhifadhi ile namna ya kizamani kwenye Vista, Windows iliyofuata XP, 2007. Vista hiyo hiyo ikaizima ile akaunti iliyofichwa, na ikaleta kile kisanduku kinachouliza, unaruhusu programu hii ibadilishe mfumo?

Wateja walikichukia kile kisanduku. Walikuwa wananiletea mashine nikizime, na nilikuwa natoza elfu tano. Kuna mwaka kilinilipia pango la miezi miwili.

Nisije nikaonekana nauza dawa ya magonjwa yote. Akaunti ndogo haizuii kila kitu. Mei 12, 2017 kirusi cha WannaCry kilipoanza kuzunguka dunia, kilipitia kosa ndani ya mfumo wenyewe, kwenye sehemu ya kushirikiana mafaili. Hakikujali nani ameingia wala ana cheo gani. Kikishapita hapo kinapata mamlaka makubwa kuliko ya msimamizi. Rekebisho la Windows zilizokuwa bado zinahudumiwa lilitoka Machi mwaka huo. XP ilikuwa imeachwa tangu Aprili 8, 2014, ndiyo maana Microsoft walilazimika kuitolea dawa ya dharura baada ya watu kuumia. Windows 7 nayo iliachwa Januari 2020, na Windows 10 imefuata Oktoba 14, 2025. Mashine nyingi ninazoletewa kibandani ni hizo hizo.

Najua jibu la wengi: nunueni mpya. Kikundi cha wauza samaki hakinunui kompyuta mpya kwa sababu kampuni ya Marekani imechoka. Lakini ile ya zamani inaweza kuondolewa kwenye intaneti ikabaki ya kuandikia hesabu tu. Fundi anaweza kuiweka paswedi ile akaunti iliyofichwa, akaiandika kwenye bahasha, bahasha ikafungwa na kutiwa saini na watu wawili. Karani apewe akaunti ndogo yake, mweka hazina yake, na diski igeuzwe kuwa NTFS. Kazi hiyo inafanyika bila kufuta kitu, mradi mafaili yamenakiliwa kwanza. Programu ya hesabu ikigoma, fundi akae aitafutie ruhusa kwenye folda lake moja badala ya kumpa mtu ufalme mzima. Inachukua nusu siku. Najua, kwa sababu siku hizi nafanya hivyo, na natoza zaidi, na wengine wanakwenda kwa fundi wa jirani anayemaliza kwa saa moja. Chumba nacho kifungwe. Kompyuta iliyo kwenye chumba kisicho na kitasa haina mlinzi, iwe ya mwaka gani.

Na kitabu cha karatasi kiendelee. Kile kikundi kilikuwa na daftari la kurasa kubwa, wakaliacha 2006 kwa sababu kompyuta imekuja. Lingekuwepo, ile Jumanne ingejulikana kabla ya magharibi.

Kwa msomaji mwenzangu nasema hivi: kamati ikitaka kumfukuza karani, itafute risiti, mashahidi, sahihi, simu za benki. Paswedi ya kuingilia Windows ya zamani isiwemo. Inaonyesha nani aliyeambiwa asimpe mtu, zaidi ya hapo haionyeshi kitu.

Jina langu na anuani unavyo, Mhariri. Naomba usivichape, si kwa kuogopa kikundi, wengi wa kamati ile wameshatangulia mbele ya haki. Mtu niliyemwogopa alikuwa mmoja, na sikutaka ayasome haya gazetini kabla hajayasikia kwangu. Ijumaa iliyopita baada ya swala nilikwenda Mgandini. Alikuwa anakung'uta mashati ya watoto, ndevu zimeingia mvi. Nikamweleza yote, na elfu kumi, na soda, na ile akaunti niliyoiacha tupu kwa ajili ya urahisi wangu.

Alikunja shati moja, akakunja la pili. Akaniuliza, "Dada, na ile nyingine, uliiwekea paswedi?"

Nikamwambia niliiwekea jioni ile ile, kabla sijaondoka ofisini kwao.

"Mimi nilikuwa bado nipo nje," akasema. Kisha mama mmoja akauliza bei ya shati, akamgeukia.

Wako,
Fundi wa Ngamiani,
Tanga